Nilifuta picha chafu za muto, nikabakisha ile safi, na ile safi njo imetuharibia

Wakuu, salamu kwenu wote: wa Dar, wa Mombasa, wa Bujumbura, na ndugu zangu wa Kivu munaosomaka kimya-kimya bila kuacha hata neno.

Hii ni kitu ilinipata miye mwenyewe. Sitaongeza chumvi, na sehemu yenye aibu yangu sitairuka. Kiswahili yangu iko ya Kongo, mutanivumilia. Mwenye kutaka kunisahihisha sarufi angojee kwanza nimalize, juu leo niko na hasira.

Ni uzi wa picha za chini ya maji. Najua humu kuna watu wanaulizaka namna ya kuanza. Nitawaelezea namna nilianza, halafu namna ile kitu ilinigeukia.

Miye ni mupiga picha wa ndoa huku Masisi. Jumamosi niko kanisani, Jumapili ubatizo, katikati ya juma picha za kitambulisho. Kwetu tuko walimaji. Baba yangu ana shamba ya maharagwe kwenye mulima, na mpaka leo haamini kama kubonyeza kamera iko kazi ya mwanaume.

Siku moja niliona video ya muntu anapiga picha samaki baharini. Rangi, mwanga, samaki anamuangalia usoni kabisa. Nikajiambia, ziwa si tuko nayo? Shasha iko hapo chini, maji ya Kivu inaonyesha mpaka mawe. Juu ya nini siye tubaki na picha za keki tu?

Nikashuka Shasha. Kule niko na rafiki, kaka Janvier, muvuvi wa sambaza, dagaa wa kwetu. Nikamuonyesha kifuko ya plastiki, ile ya kuvalisha telefone ili isiingie maji.

Janvier akaiangalia, akaniambia: "Kaka, tia kwanza karatasi ya pua ndani, uizamishe bila telefone. Karatasi ikitoka kavu, njo utie telefone."

Nikamucheka. Muvuvi ananifundisha miye mambo ya kamera!

Telefone ilikufa kabla sijahesabu mpaka kumi.

Kwa hiyo weye unayeanza, fanya vile Janvier alisema. Karatasi kavu, zamisha, toa, angalia. Na ukishakuwa ndani ya maji usihangaike kugusa kioo, juu kioo haisikie kidole ndani ya maji. Tumia ile kitufe ya sauti ya pembeni. Hiyo nilijifunza kwa telefone ya pili, ambayo ilikuwa ya mke wangu Furaha, na alinikatalia kuigusa tena.

Baadaye nilipata kamera ndogo ya kuzamia, ya kushika kwa mukono moja. Niliitoa Goma. Kurudi nayo, pale Mubambiro kwenye kambi ya jeshi niliificha chini ya fungu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, juu pale sikutaka kuanza kueleza mambo ya samaki.

Nikafanya miezi mingi Shasha. Kila nilipokuwa na siku huru, nashuka.

Nilijifunza kama maji inakulaka rangi. Ukizama kidogo tu, nyekundu inakufa ya kwanza, samaki muzuri anageuka majivu. Dawa yake ni kukaribia. Karibia mpaka uone haya. Pigia saa sita, wakati jua iko juu ya kichwa. Usitumie flashi kama maji ina vumbi, juu vumbi yote itawaka nyeupe mbele ya samaki. Na usikanyage chini! Kidole kimoja ya muguu kwenye matope, na ile siku imekwisha. Unangojea nusu saa maji itulie, na samaki hawakungojee.

Na kitu moja ya maana sana kwa wa Kivu: usilale wala usipumzike kwenye mashimo ya kando ya ziwa. Mazuku iko pale, ile hewa ya chini isiyoonekana inayouaka mbuzi na watu. Janvier alinionyesha sehemu zote, moja-moja, na aliniambia kama siwezi kuzikumbuka nirudi kwa ndoa zangu. Hiyo haiko mambo ya kuchezea.

Sasa sikilizeni desturi nilijipatia pale Shasha, juu iko ndani ya hii shida yote. Kadi ya kamera yangu ilikuwa ndogo. Kila jioni ninakaa kwenye jiwe, nafuta. Picha yenye vumbi, futa. Yenye giza, futa. Yenye maji ya rangi mbaya, futa haraka, muntu asione. Nabakisha mbili ao tatu nzuri. Watu wanaona zile tatu kwenye status yangu wanasema, eeh, huyu kijana anajua.

Nilikuwa ninapenda sana kusikia ile.

Mke wangu Furaha ni muntu wa Walikale, wa ndani ya pori kabisa. Alipozaa mutoto wetu wa pili, ilikuwa lazima tumupeleke kwa nyanya yake, mama ya Furaha. Njia ya kule munaijua, na kama hamuijui, mushukuru. Pikipiki, matope, barrière ya askari, pikipiki tena. Kamera ilikuwa kifuani mwangu, mutoto mugongoni mwa mama yake.

Mama mukwe wangu namuitaka Mama Furaha. Jina yake ingine siitajake, kwetu mukwe hawezi. Hata kusimama karibu naye siwezi. Akipita njia, miye nageukia pembeni mpaka apite. Wa mijini musicheke, ni heshima, na inafanya watu wasikosane.

Mama Furaha ni muimbaji wa kanisa na ni mulimaji wa nguvu. Na wakati mvua inapungua, yeye na bamama wenzake wanaenda kuvua.

Uvuvi wao hauko wa mashua. Muto ule una mukono moja mudogo unaotoka pembeni na kuzunguka nyuma ya kijiji. Bamama wanaufunga kwa mawe, matope na majani ya migomba, juu na chini. Halafu wanaingia na masahani na mabeseni, wanamwaga maji inje mpaka inapunguka, wanaokota samaki, kaa na kambale kwa vikapu. Chakula ya nyumba zao inatoka pale. Batoto wanakula, wagonjwa wanapelekewa, ingine inakaushwa.

Na sheria yake iko hivi: tangu tope ya kwanza iwekwe mpaka mama wa mwisho atoke, mwanaume hakanyage ile maji. Hata mukubwa wa kijiji, hata mwanajeshi. Mama Furaha ni mukristo, na ile sheria anaishika vilevile, na hakuna padri amemusumbua juu yake.

Asubuhi ya siku ya tatu nikaona bamama wanatoka na vikapu. Nikamwambia Furaha: "Niombee kwa mama. Napiga tu mara moja, bamama na vikapu, chini ya maji. Hiyo picha itazunguka dunia."

Furaha akaenda, akarudi. "Mama anasema hapana. Anasema ukitaka maji, maji iko mingi, nenda kwa ingine."

Nikakasirika kidogo. Lakini nikaenda kwa ingine.

Juu ya kijiji kuna chemchemi. Maji yake inashuka kama kijito mpaka kwenye muto mukubwa. Wakuu, ile maji! Sijaona kitu kama ile hata Shasha. Mawe meupe, mizizi ya miti imeshuka mpaka ndani, na samaki wadogo wenye mukia mwekundu, mwekundu wa kweli, juu hapakuwa na kina ya kuila rangi. Nikalala tumbo, nikashika pumzi, nikapiga. Samaki mmoja akakuja mpaka mbele ya kioo.

Hiyo njo picha yangu nzuri kuliko zote nimepiga katika maisha.

Nikashuka mpaka kwenye muto mukubwa, pale ule mukono wa bamama unapotokea. Nikazamisha kamera. Nikapiga pengine picha makumi tatu. Zote rangi ya chai ya maziwa. Hakuna samaki, hakuna jiwe, hakuna kitu. Nilinyoosha mukono yangu mbele ya kamera, haukuonekana.

Nikakaa kwenye jiwe, nikazifuta. Zote. Furaha akaniuliza: "Unafuta nini?" Nikamujibu: "Takataka."

Nalirudia hilo neno hapa, juu niliahidi kusema ukweli.

Jioni bamama walirudi. Kikapu ya Mama Furaha ilikuwa na kaa wawili na kambale mmoja wa urefu wa kidole. Walikaa kwenye jiko wakaanza kueleza. Kumbe kule juu ya muto watu walileta drague. Ni mashini inayoelea, inanyonya muchanga wa chini kutafuta dhahabu, halafu inatapika tope nyuma yake muchana kutwa. Musiichanganye na wachimbaji wa mukono. Shemeji yangu anachimbaka Omate kwa chepe na karai, ile ni jasho yake na simusemi vibaya. Hii ni mashini ya wakubwa, na wenyewe hata hawalalake pale.

Tangu ifike, samaki hakuna. Batoto wanaharisha. Bamama walishaandika barua kwa chef, mukubwa wa kule, na chef alisema ataitisha mukutano.

Na miye, mukwe wao, nilikuwa pale pembeni ya ukuta, nasikia kwa sikio moja. Macho ilikuwa kwenye kamera. Nilikuwa ninaangalia samaki wangu mwekundu.

Tulirudi Masisi. Nikaweka picha kwenye mutandao. Na chini yake nikaandika jina ya muto. Siyo ya kijito, ya muto. Juu kijito hakina jina, na jina ya muto inajulikana, ikasikika vizuri. Leo jina yake siitaje tena humu, nilishaitaja vibaya mara moja.

Ikapendwa mpaka nikashangaa. Watu wa Kinshasa, watu wa Ulaya. "Kongo yetu ni nzuri." Miye nashukuru tu, natuma vidole gumba.

Katikati ya wale akaniandikia bwana mmoja, kwa heshima nyingi sana. Papa, picha yako inatukuza kwetu. Tunataka kuiweka kubwa. Tutumie ile yenyewe, isiyopunguzwa, tutaandika jina yako chini yake. Nikamutumia siku ile ile. Sikuuliza anatumikia nani. Wapiga picha munajua, muntu akishakuambia ataandika jina yako, akili inaenda kutembea.

Baada ya juma chache Furaha akapigiwa simu na mama yake. Nilikuwa ninasikia sauti ya mama inje ya simu, na Mama Furaha hapigake kelele.

Furaha akanipa telefone. Kitu ambacho hakijawahi kufanyika: mama mukwe kusema na miye moja kwa moja, hata kwa simu.

Akasema: "Mukwe. Njo weye?"

Nikasema: "Mama, nini?"

"Kwenye mukutano wameweka kitambaa kikubwa kama mulango wa kanisa. Kuna samaki. Kuna maji safi. Kuna jina ya muto wetu na jina yako. Wanasema, mukwe wa hapa mwenyewe alizama, akaona, maji iko safi, bamama wanasema uongo. Sasa bamama hawanisalimie."

Wakuu, nilikaa chini pale pale kwenye saruji.

Munaelewa? Wenye drague walichukua samaki wa chemchemi, wakamuweka kwenye muto. Na aliyewapa njia ni miye, kwa yale maneno mawili niliandika ili nionekane. Wakaandika kwa herufi kubwa: MUTO WETU, MAJI SAFI. Bamama waliofika pale na vikapu vitupu wakaonekana waongo mbele ya chef, mbele ya bwana zao, mbele ya batoto wao. Na Mama Furaha, ambaye alinikatalia maji yake kwa heshima, akaonekana njo aliwauza wenzake kwa wale watu. Walishamuambia asikuje tena kufunga maji nao.

Kwa mama wa kule, kutolewa kwenye ule uvuvi ni kutolewa kwenye watu. Ukifiwa, wale njo wanakulilia. Ukizaa, wale njo wanakushika.

Kesho yake miye na Furaha tukapanda pikipiki.

Nilimukuta yule bwana aliyeniomba picha, kumbe ni wa mawasiliano wa wenye drague, kwenye ofisi yao, shati nyeupe, viatu safi katika ile nchi ya matope. Nikamwambia: ile picha haiko ya muto, iko ya chemchemi, itoeni.

Akatabasamu. Akafungua telefone, akanionyesha maneno yangu mwenyewe. "Papa, si weye uliandika? Ao kuna muntu alikuandikia?"

Nikamwambia muto ni tope, nilizama, niliona.

Akaniuliza: "Basi iko wapi picha ya tope?"

Hapo njo nilitaka kumupiga. Nilikuwa nazo makumi tatu. Nilizifuta kwa kidole changu.

Mutaniuliza kwa nini sikutumia programu ya kurudisha picha zilizofutwa. Ndugu, nilijaribu. Kadi ilishajazwa na ndoa tatu juu yake.

Nikaenda kwa chef. Chef ni muntu wa haki, lakini anaogopa kama sisi wote. Akasema mukutano utarudi baada ya siku mbili, mwenye ushahidi alete. Picha za juu ya maji bamama walishaleta kwa telefone, na wale wa drague walisema ni rangi ya mvua, ni kivuli, chini kuko safi, angalieni samaki. Tena walisema ule mukono wa bamama uko mbali, tope haufikake pale. Kwa hiyo ilibidi picha itoke ndani ya mukono wa bamama wenyewe, chini.

Nikajiambia, rahisi, nitazama asubuhi.

Asubuhi nilipofika, bamama walishafunga maji. Walianza mapema makusudi. Walitaka siku ya mukutano wawe na vikapu vyao kama ushahidi wao, na miye hawakuniamini tena hata kidogo. Tope ya kwanza ilishawekwa. Mwanaume hapiti.

Mama Furaha naye hakuwa ndani. Alikuwa amesimama peke yake kwenye njia, kikapu kichwani, hajaalikwa. Sitasahau vile alisimama.

Mmoja wa bamama akapiga kelele kutoka chini: "Mukwe wako amekuja kupiga picha ingine ya kutuuza?"

Na miye nilikuwa pale na kamera mukononi, muntu wa ndoa, muntu wa status, sina hata haki ya kuingiza kidole cha muguu.

Nikamwambia Furaha: "Mwambie mama achukue yeye."

Furaha akaniangalia kama nimepata wazimu. Mama Furaha hajawahi kushika hata telefone yenye kioo. Lakini aliposikia, akaweka kikapu chini. Akanyoosha mukono kwa Furaha, siyo kwangu, kamera ikapita kwa binti ikafika kwa mama.

Akashuka. Akawaambia bamama neno moja tu, Furaha alilisikia: "Nitashika miye." Wakamuachia nafasi.

Sasa munione miye mwalimu. Nimesimama nyuma ya migomba, nimewapa mugongo, mikono kwenye macho, juu mama mukwe yuko ndani ya maji na kitenge imefungwa juu. Napiga kelele kwa majani:

"Kitufe chekundu, mama! Bonyeza usiache!"

"Kioo kiangalie mbele, kisikuangalie weye!"

"Usikanyage chini, tope itapanda!"

Hiyo ya mwisho bamama wote walicheka mpaka nikasikia maji inamwagika. Tope ipande kutoka wapi, na iko juu mpaka kifuani? Mmoja akajibu: "Mukwe, kuja utuonyeshe pa kukanyaga!" Ilikuwa mara ya kwanza wanacheka tangu nifike, nikakubali kuchekwa.

Alipiga nyingi. Kidole mbele ya kioo. Mawingu. Pua yake mwenyewe. Kikapu ya jirani kichwa chini.

Na moja. Mukono wake ndani ya maji, unashika ukingo wa kikapu. Unaona kiwiko. Unaona mukono mpaka hapa pa kuvalia bangili. Halafu basi. Kiganja hakipo, kikapu hakipo, kuna rangi ya chai tu. Miye kwa miezi yote ya Shasha, na masomo yote ya mwanga, ile picha ningeifuta ya kwanza.

Tukaichapisha kubwa kwenye papeterie, ile duka ya karatasi na kuchapa ya mujini.

Mukutano. Kitambaa chao iko palepale ukutani, samaki wangu mwekundu anaangalia watu. Furaha akasimamisha ile picha mama yake alipiga chini ya kitambaa, kwenye kiti.

Yule wa shati nyeupe akaiangalia, akacheka kwa sauti. "Papa chef, hii nayo ni picha? Haionyeshe kitu. Hii imepigwa na muntu hajui kupiga picha."

Mama Furaha akasimama. Hakungoja kuitwa.

"Njo miye nilipiga," akasema. "Na picha iko sawa. Ule ni mukono wangu. Kama maji iko safi, nionyeshe vidole vyangu."

Yule bwana akaangalia picha, akaangalia mukono wa mama, akaanza kusema mambo ya utaalamu, na bamama wote wakanyoosha mikono juu, mikono tupu, wamekaa vilevile. Chef akasema kitambaa ishuke. Ikashushwa mbele yangu. Niliisaidia kushuka, kwa mikono yangu, na niliikunja samaki akiwa ndani.

Chef akaamuru drague isimame mpaka watu wa kupima maji wafike.

Sasa musipige makofi. Juu hapa njo hasira yangu iko.

Wapimaji hawajafika. Miezi imepita. Drague ilisimama siku kidogo, halafu ikahama kona mbili juu ya muto, na kule inatapika vilevile, na tope inashuka vilevile. Ukiuliza, wanasema pale walipokatazwa hawapo tena. Na picha yangu ya samaki ilitoka ukutani lakini haikutoka duniani. Niliifuta kwangu, watu walishaichukua. Mwezi uliopita muntu alinitumia kalenda, samaki wangu, jina ya muto, na jina yangu chini vizuri kabisa, vile walivyoniahidi.

Kwa hiyo weye unayeanza kuzama na kamera, mambo ya karatasi kavu na jua ya saa sita nimekupa, yatakusaidia. Lakini zaidi: andika maji ile ulipigia, siyo ile yenye jina muzuri. Muntu akikuomba picha, muulize anatumikia nani. Na ile picha mbaya, yenye tope, yenye haionyeshe kitu, usiifute. Maji ilikuwa inasema kitu, na miye niliiita takataka.

Wenye kuuliza kamera ninayotumia sasa: sina. Mama Furaha alikataa kuirudisha. Bamama walimurudisha kwenye maji yao siku ile ile, na wakamupa kazi. Kila juma anazama na kupiga mukono wake, palepale, kikapu kilekile. Furaha alimufundisha kuzituma kwa telefone ya jirani. Juma ya kwanza tulituma ushauri wa namna ya kukaribia. Akatujibu kwa sauti: "Niko karibu. Maji njo iko mbali."

Jana imefika ingine. Mukono mpaka kwenye bangili, halafu chai ya maziwa. Nimeiweka na zingine, na tarehe yake, na sijafuta hata moja.

Nawaomba kitu moja, wakuu. Mukiona popote picha ya samaki mudogo wa mukia mwekundu kwenye mawe meupe, na chini yake jina ya muto wa Walikale na jina ya mupiga picha wa ndoa wa Masisi, andikeni chini yake kama ile ni chemchemi, siyo muto, na mwenyewe njo amesema.

Na humu ndani, mwenye kujua namna ya kuondoa picha kwa watu wasiotaka kuiondoa, anielekeze. Mwenye kutaka kunitukana naye aandike, nitasoma yote.